Kuna Kosa, Niite

Tarehe 4 Machi 2009 mume wangu alifariki Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, kwa malaria iliyompanda kichwani. Tulimzika kesho yake. Siku moja baada ya mazishi tukajua kwamba na ukurasa wake umepotea.

Ukurasa huo lazima niueleze. Alikuwa mwalimu Bukavu, na huko ndiko alikojifunza kuandika programu za kompyuta kwa BASIC, lugha ya zamani. Kanisani kwetu kambini kulikuwa na kompyuta kuukuu ambayo hakuna aliyeitaka. Watu walikuwa wanakufa na hatujui habari tumpelekee nani, kwa hiyo akatengeneza programu. Kila muumini aliandikwa humo: wazazi wake, alikozaliwa, na chini kabisa mstari wa watu wa kujulisha. Mtu akifa, katekista anaandika jina lake, ukurasa unatokea, tunajua tupige simu wapi.

Kwetu moto wa matanga hauzimwi mpaka nyumba ya mama mzazi ipate habari. Mama yake alikuwa Bukavu. Mimi ni wa Uvira, tulioana hapahapa kambini, sikuwahi kumwona mama huyo wala kusikia sauti yake. Namba alikuwa nayo mume wangu, na simu yake ilipotea katika zile siku za hospitali.

Nikampa katekista disketi yenye programu hiyo. Akaandika jina. Kwenye kioo yakatokea maneno haya tu: KUNA KOSA. NIITE.

Hakuna aliyeuliza tumwite nani. Kila programu ilipokwama ilisema hivyo, na sisi tulituma mtu nyumbani, naye mume wangu anakuja amevaa kandambili, anatengeneza, anarudi. Katekista alijaribu mara tatu.

"Sasa tumuite wapi?" akasema. Kisha akaniomba msamaha.

Moto ukaendelea kuwaka. Wamama wa kanisa walipokezana kwenye mikeka. Siku ya saba baada ya mazishi, mmoja wao, ambaye alikuwa na watoto wadogo, aliniuliza kwa upole tutamaliza lini. Kesho yake asubuhi nilifunga disketi kwenye kitambaa, nikapanda minibasi Lumbadzi, nikaenda Lilongwe.

Kule nyuma ya soko kulikuwa na mzee wa Bukavu anayetengeneza kompyuta. Zamani aliwahi kumwazima mume wangu vitabu.

"Pole, mama. Nilisikia."

"Asante, papa. Iko inasema tu kuna kosa."

"Kosa gani?"

"Haisemi."

Aliingiza disketi kwenye mashine yake bila kuitazama. Programu yenyewe ilifunguka, mistari ikashuka kwenye kioo. Nilishona nguo maisha yangu yote, sikusoma sana, lakini alinionyesha kwa kidole na nikaelewa.

"Angalia. Huku juu aliandika, kosa lolote likitokea, ruka mpaka mstari wa elfu tisa. Na elfu tisa inasema tu aitwe. Bwana yako alikuwa anapenda kuitwa, eh?"

"Alikuwa anapenda."

"Hamukuwa munaona kosa, mama. Mulikuwa munaona yeye."

Akaongeza mstari wake mwenyewe, ili programu itaje namba ya kosa na mahali lilipotokea. Ikaandika 70, kisha 420.

"Sabini ni kusema umekatazwa. Lakini nani anakukataza? BASIC haijue. Yeye anapewa habari kwa kifupi. Chini yake kuna DOS, njo inashika disketi kwa mkono. Ile njo inajua yote. Tuiulize."

Akaandika neno lingine, ERDEV. Alisema kwa neno hilo unaona kile DOS yenyewe ilichosema, na ni kifaa gani kilichogoma. Namba iliyotoka aliipunguza kwanza, akabakiza nusu ya chini. Ikaja sifuri, na herufi A, mahali pa disketi.

"Sifuri," nikasema. "Basi hakuna kitu."

"Kiko. Apa sifuri ni jibu kama majibu mengine. Disketi imefungwa isiandikwe."

Akaichomoa, tukaitazama wote wawili. Kile kidude cha plastiki pembeni kilikuwa kimesukumwa. Mstari wa 420 huandika tarehe kila programu inapofunguliwa, ndipo itoe ukurasa. Haukuweza kuandika, ikaruka mpaka elfu tisa.

Nilikuwa nimekisukuma mimi. Siku ya mazishi, niliporudi nyumbani, nilikusanya vitu vyake na nikaifunga disketi kama nilivyomwona akifanya kwa zile asizotaka ziharibiwe. Nilitaka mtu yeyote asifute kitu. Kesho yake nilipompa katekista sikukumbuka, na sasa tu ndiyo nilikumbuka. Nilimwambia mzee hivyohivyo.

"Na mi nilikuwa natafuta mbali," akasema, akakirudisha kwa ukucha.

Ukurasa ukatokea. Jina la mama, mtaa, namba ya jirani yake. Jina langu halikuwemo. Nadhani aliuandika kabla hatujaoana.

Nilipiga palepale kwa simu ya mzee. Jirani akasema ningoje, mama ako nyuma anaanika mihogo. Nikangoja.

"Allô?"

"Mama, niko Malawi. Ni juu ya mtoto wako, mwalimu."

"Ako mgonjwa?"

"Amekufa, mama. Leo siku ya tisa."

Nilisikia kuku, na mtu anayesogeza kiti.

"Na we njo nani?"

"Mi njo bibi yake."

"Ana bibi?"

"Ndiyo, mama. Miaka mitatu."

"Muko na batoto?"

"Hapana."

"Basi," akasema. "Nimesikia."

Sijui kama alikata au simu ilikatika yenyewe. Mzee alikataa nimlipe chochote. Nilifika Dzaleka saa kumi jioni, nikawaambia wamama kwamba nyumba ya mama yake imesikia. Wakamwaga maji kwenye moto, wakakunja mikeka, kila mmoja akachukua wake. Yule mwenye watoto wadogo aliondoka wa kwanza. Nikachukua ufagio, nikafagia majivu.