Ndoo ya Mgeni

Korosho ya kwanza ya asubuhi ikianguka kwenye ndoo ya bati hulia kama mtu anayebisha hodi. Zinazofuata hulia vivyo hivyo, kisha sauti hupungua kadiri chini panavyofunikwa, mpaka ndoo inanyamaza. Kwenye ndoo ya plastiki hakuna hodi. Korosho hutua kama kitu kilichodondoka bahati mbaya. Sauti hizo nilizijua vizuri msimu nilioupitisha Makote, kwa bibi mzaa baba, kwa sababu ndoo ya bati ilikuwa mkononi mwa Somoe, binti wa shangazi yangu, na ya plastiki ilikuwa mkononi mwangu. Tuliokota chini ya mikorosho ileile, umande ukitulowesha miguu, harufu ya mabibo yaliyoanza kuchacha ikitupanda puani, lakini masikio yangu yalikuwa kwenye ndoo ya mwenzangu.

Ndoo yenyewe haikuwa nzuri. Ilikuwa na bonde ubavuni, na mkono wake wa asili ulishakatika, Bibi akaweka waya mnene na kuuzungushia kipande cha kanga. Ilikuwepo kabla baba yangu hajazaliwa. Za plastiki zilikuja na kuondoka: jua lilizipasua, Bibi akazishona kwa uzi wa nailoni na kuziba nyufa kwa kisu cha moto, zikapasuka pembeni ya kiraka. Na kisimani, mvua ikichelewa na maji ya akiba yakibaki chini kabisa, ndoo ya plastiki ilielea tu, ikizungukazunguka bila kuchota chochote. Ya bati iliinama yenyewe, ikanywa, ikazama. Majirani walikuja kuiazima, nayo kila jioni ilirudi.

“Bibi, kesho nishike mimi ya bati,” nilimwomba.

“Ee, mke mwenzangu!” Alipenda kuniita hivyo, kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wa kike. “Mume wetu tumeshamzika, sasa unanigombania ndoo?”

Watu walicheka na mimi nilicheka, ila asubuhi ndoo ilienda kwa Somoe. Basi nikaanza kupima kila kitu, tabia ambayo sijaiacha mpaka leo. Nani anatumwa kwa jirani? Somoe. Nani anakemewa uji ukiungua? Somoe. Mimi sikukemewa hata nilipoumwaga, niliambiwa pole. Wivu wangu ukafika mahali pa ajabu: nilimwonea Somoe wivu hata kwa matusi aliyotukanwa. Kwa Wamakonde ukoo hufuata tumbo la mama. Somoe alizaliwa na binti wa Bibi, kwa hiyo nyumba ile ilikuwa yake. Mimi nilizaliwa na mtoto wa kiume. Ukoo wangu uko Masasi, kwa mama yangu ambaye ni Myao. Hakuna aliyeniambia hayo kwa ubaya. Walinipenda, na mapaja ya kuku yalikuwa yangu. Lakini wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, nami nilikaa msimu mzima bila kuliona jembe langu.

Karibu na siku ya kuondoka, Bibi alienda sokoni Newala akarudi na ndoo mpya ya plastiki, nyekundu, yenye maua. Akaniwekea miguuni. Somoe akaangua kilio.

“Mimi kila siku makuukuu! Huyu kaja juzi tu, anapewa mpya!”

“Nyamaza we. Mwenzio mgeni,” Bibi alimwambia. “Wewe chukua hii ya bati, iwe yako kabisa. Hata ukiolewa, ondoka nayo.”

Somoe akazidi kulia. Nami nikalia njia nzima ya kuteremka Masasi, nimekumbatia maua yangu, na mama akashangaa mtoto gani huyu anayelilia zawadi nzuri. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Mvua zilizofuata hazikuikuta ndoo yangu nzima.

Sasa nimemaliza chuo na nimepanga chumba Masasi, nikisubiri kazi. Vitu vyangu vyote vilikuwa vipya juzi: simu iliyopasuka kioo, kompyuta inayozimika ikichomolewa kwenye umeme, pasi iliyoungua kabla sijanyoosha shati la usaili. Kila kimoja kikifa, namkumbuka Somoe. Msimu uliopita nilipanda Makote. Bibi alishafariki. Nilisema nakwenda kuwasalimia, ila ukweli nilikwenda kuiomba ile ndoo, na maneno nilikuwa nimeyapanga, nikayapangua, nikayapanga tena njia nzima.

Somoe siku hizi ni Mama Rukia. Alinikumbatia, akamwita binti yake. “Rukia, msalimie mama yako mdogo.”

“Shikamoo, mama mdogo.”

“Marahaba, mwanangu.”

Tulikaa kwenye mkeka. “Unajua ile ndoo yako ya maua ilinitesa?” Somoe alisema. “Nilikuota umeibeba kichwani mtaani Masasi, watu wote wanakutazama.”

“Ilipasuka mapema,” nikasema.

“Muongo!” Akacheka mpaka akajifuta machozi. Nikavuta pumzi ili nianze ombi langu, naye akanyanyuka. “Kwanza kaoge, mgeni wangu. Maji nimeshakuwekea.”

Ndani ya ua wa nyasi nilikuta ndoo mpya ya plastiki, bluu, karatasi ya dukani ingali imebandikwa ubavuni. Niliitazama muda mrefu. Nikajiuliza siku ya tatu hufika lini katika nyumba ile. Kisha nikachota, nikajimwagia, na nje ya ua Rukia akaanza kunyofoa korosho kwenye mabibo. Ya kwanza ikabisha hodi kwenye bati. Ya pili ikabisha. Nilisimama na sabuni usoni, nikisikiliza mpaka ndoo iliponyamaza.