Makofi ya Madam Edinah

Mwulize mtu yeyote wa upande wa Mogogosiek kama Edinah Chepyegon ni mwoga, atakucheka. Mwoga nani? Huyo aliyemkatiza chifu maneno barazani kwa sababu ya choo cha wasichana? Huyo anayewatoa wavulana wa kidato cha nne ndani ya majani chai, mmoja mmoja, kwa sikio? Haya, chekeni. Mimi nasema mtu hajulikani kwa kelele anazopiga mchana. Edinah alikuwa na hofu moja kubwa, na hofu hiyo ilikula ugali mezani kwake kila jioni. Ilikuwa ni ndugu yake, Kipkurui.

Mama yao alifariki Kipkurui akiwa darasa la pili. Edinah ndiyo kwanza alikuwa ametoka chuo cha ualimu. Akamchukua mtoto, akamwogesha, akamtia shule, akamkaripia alipopotoka. Wachumba walikuja, wakanywa chai, wakamwona kijana mdogo amejikunyata kwenye kona ya kiti akiwakodolea macho, wakaaga. Edinah hakulalamika. Lakini alimwogopea yule mtoto kupita kiasi: asianguke mtoni, asishikwe na pombe, asiharibiwe na marafiki. Mtu akimpigia simu ghafla, kabla hajasema haloo, roho yake ilikuwa imekwisha kuuliza Kipkurui amefanya nini.

Kijana alikua, akapata kazi ya kuchuma chai kwenye shamba kubwa. Halafu zikaja mashine. Mashine moja, watu wachache wa kuishika, na wengine wote wakaambiwa ahsanteni. Kipkurui alirudi nyumbani akakaa. Alikata nyasi za ng'ombe, akatazama barabara, akaongea kidogo. Mwaka jana, kwenye ile wiki ya vurugu za wachumaji walioachishwa kazi, mashine moja iliteketezwa karibu na mto. Kesho yake Edinah alimwona ndugu yake amechuchumaa kwenye beseni anafua shati lake mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu azaliwe. Hakumwuliza. Alipita na ndoo ya maziwa kana kwamba hajaona.

Polisi walimkamata Onchiri, mchumaji aliyetoka upande wa Kisii na kuishi kwenye nyumba za kambi. Walimkuta na mtungi wa mafuta ya taa, utadhani kuna nyumba ya kambi isiyokuwa na mafuta ya taa. Hakuwa na ukoo hapa wa kumsemea, na mgeni ni rahisi kumwangushia mzigo. Tangu siku hiyo yuko rumande. Mkewe, Janefer, huuza maparachichi na mahindi ya kuchemsha nje ya lango la shule, na Edinah humpita kila asubuhi na kila jioni. Salamu yake kwa Janefer ilikuwa ya haraka sana.

Sasa njoo darasani. Edinah alifundisha Historia na Serikali, na mwaka huu alikuwa amechoshwa na kidato cha tatu. Walikariri Katiba kama pambio. Ukisema kifungu cha hamsini, darasa zima linaimba kwamba kila mshtakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ukiuliza maana yake, wanatazama dari. Akaona dawa yao ni kuwafanyia mahakama hapo hapo, wajionee sheria ikitembea.

Akaandika kesi ya mchezo: mtu ameshtakiwa kuchoma nyasi kavu za jirani. Shirley akawa hakimu. Aliambiwa mahakimu wetu hawagongi meza, akagonga vivyo hivyo, kwa mwiko wa jikoni. Kiongozi wa mashtaka akawa Njenga, mtoto wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale sokoni, ambaye mdomo wake haujawahi kupewa likizo. Shahidi wa mshtakiwa akawa Chelimo, msichana mpole anayeishi na nyanya yake karibu na mpaka wa shamba kubwa. Kazi yake ilikuwa kudanganya ili kumwokoa mshtakiwa, kisha Njenga amnase kwa maswali. Edinah alitaka wajifunze namna ushahidi unavyopimwa.

Mwalimu mwenzake wa Kiingereza alimwambia atumie kamusi iliyofunikwa kitambaa mahali pa Biblia. Edinah akakataa. Hakupenda mambo ya kubabaisha. Alileta Biblia yake mwenyewe ya kanisani, akamfundisha msichana maneno yote ya kiapo kama yanavyosemwa mahakamani. Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo mtoto wa huku kwetu hakupaswa kulifanya. Huku kiapo si maneno ya mdomo. Kuna jamaa tunazitaja kwa sauti ya chini mpaka leo, ambazo babu yao aliapa uongo juu ya ng'ombe, na wajukuu wakawa wanakwisha mmoja baada ya mwingine. Edinah alilelewa na hadithi hizo. Lakini mwalimu akishika chaki husahau alikotoka.

Chelimo aliweka mkono juu ya Biblia. Akaapa kwa Mwenyezi Mungu kusema ukweli, ukweli mtupu, wala si kitu kingine ila ukweli. Njenga akajitutumua ndani ya joho la kwaya walilomvisha.

"Shahidi, umewahi kuona kwa macho yako mtu akichoma mali ya mwingine?"

Jibu lake kwenye mchezo lilikuwa moja: sijawahi. Chelimo alifungua mdomo, ukabaki wazi. Wenzake wakaanza kumcheka, wakidhani amesahau maneno. Edinah alisogea kumkumbusha, akaona kwamba mkono wa mtoto bado uko juu ya Biblia.

"Nimeona," Chelimo alisema.

Njenga alifurahi, maskini, kwa kupata kitu kipya. "Ulimwona nani?"

"Kipkurui wa kwa madam. Nilikuwa nimeenda kutafuta ndama kule mtoni. Alitoka kwa ile mashine akikimbia na mtungi, na moto ukamfuata nyuma. Onchiri hakuwa hapo."

Kicheko kilikatika. Wanafunzi wote waligeuka kumtazama mwalimu wao. Kitu alichokipita na ndoo ya maziwa mwaka mzima kilikuwa kimesimama mbele yake kimevaa sare ya shule.

Basi unajua alifanya nini? Alipiga makofi.

"Vizuri sana, Chelimo," alisema, akitabasamu kwa nguvu zake zote. "Mmeona shahidi anavyoweza kuigeuza kesi? Huo ndio uigizaji. Mpigieni makofi."

Darasa likapiga makofi, kwanza kwa kusitasita, halafu kwa furaha ya kutua mzigo. Shirley aligonga mwiko. Chelimo hakuinama wala hakutabasamu. Alimtazama Edinah kama mtu aliyegonga mlango wa nyumba anayoijua na kufunguliwa na mtu asiyemjua. Wenzake walipotoka, alibaki.

"Madam, mimi sikuwa naigiza. Si nimeapa?"

"Nenda nyumbani," Edinah alimwambia. "Nenda moja kwa moja. Usipitie njia ya mto." Maneno yalipomtoka ndipo alipojisikia mwenyewe. Kwa nini asipitie njia ya mto? Anamwogopa nani huko?

Langoni alitaka kupita mbio kama kawaida. Janefer akamsimamisha.

"Madam, leo mlikuwa na sherehe? Nimesikia makofi."

"Ni watoto tu. Masomo."

"Ni vizuri wakifurahi." Janefer alipangusa parachichi kwa kitambaa. "Kesi yetu ni wiki ijayo. Yule wakili wa msaada anasema anajaribu, lakini hana hata shahidi mmoja."

Edinah alilipia parachichi akaliacha pale pale juu ya gunia. Janefer alimwita alifuate, naye akajifanya hajasikia.

Hakwenda nyumbani. Alikata kona kuelekea kwa nyanya ya Chelimo, na njia nzima alijipangia maneno ya kumtuliza mzee: ni mchezo, kogo, ni mambo ya shule, kesho watoto watakuwa wamesahau. Alimkuta kogo, ndivyo tunavyomwita nyanya huku kwetu, amekaa mlangoni anapukuchua mahindi. Chelimo alikuwa ndani, na mlango wa ndani ulikuwa umefungwa kwa komeo.

"Alishika kitabu?" Kogo aliuliza, hata salamu haijaisha.

"Alishika, kogo. Lakini yalikuwa masomo."

"Akasema maneno yote?"

"Yote."

"Basi amekula kiapo. Hakuna kiapo cha masomo." Mzee aliendelea kupukuchua. "Hili jambo nalijua tangu siku ile. Nilimwambia anyamaze, kwa sababu hakuna aliyemwuliza, na asiyeulizwa akinyamaza hajadanganya. Sasa wewe umemwapisha, ameulizwa, amejibu. Akija kukana, nitamzika."

"Na asipokana?"

"Huenda ndugu yako akatuzika sote wawili. Unafikiri sijui? Tangu mtoto arudi kutoka shule, nimemfungia mlango jua likiwa bado liko. Naogopa, mwalimu. Lakini hofu zikiwa mbili, mtu huchagua moja akaiacha nyingine." Akamtazama. "Ameniambia ulipiga makofi."

Edinah alisimama akitazama mahindi yakianguka kwenye ungo, akaaga vibaya, akaondoka.

Jua lilikuwa linateremka nyuma ya miti ya mikalitusi alipofika kwake. Ng'ombe alikuwa analia kukamuliwa. Kipkurui alikuwa kando ya zizi, anakatakata nyasi za mabingobingo kwa panga, na hakuinua uso.

"Nasikia leo mlikuwa na koti, na hakimu na mashahidi," alisema.

"Nani amekuambia?"

"Dada, na wewe. Hapa habari inafika kabla ya mwenyewe." Panga likashuka, likashuka tena. "Nasikia kuna mtoto alinitaja."

Alinyanyuka. Alikuwa mrefu kumpita Edinah kwa kichwa kizima, na panga lilikuwa linadondosha maji ya nyasi. Edinah alijikuta anapima kwa jicho umbali kutoka hapo hadi geti. Mungu wangu, alijiambia, huyu ndiye niliyembeba mgongoni akiwa na surua. Miaka yote alikuwa akimwogopea. Sasa alikuwa akimwogopa.

Kipkurui akatabasamu, na tabasamu lenyewe lilikuwa la kitoto kabisa.

"Asante," alisema. "Kweli tena, asante. Nilidhani ukijua utanitupa. Wameniambia ulivyopiga makofi. Umeniokoa, dada. Hata huyo msichana akirudia kesho, watu watamwambia aache maigizo."

Hapo ndipo Edinah alipoyasikia makofi yake vizuri. Ilikuwa kweli tupu. Alikuwa amemchukua shahidi pekee wa Onchiri akamgeuza kichekesho, kwa mikono yake hii miwili, mbele ya darasa alilokuwa analifundisha haki.

"Nitaongea naye tu polepole," Kipkurui aliendelea. "Yeye na yule mzee. Asirudie."

"Hutaongea naye."

"Sitamfanya kitu."

"Hutamkaribia, Kipkurui." Sauti ilikuwa inamtetemeka, naye akaiacha itetemeke. "Kesho asubuhi nitasimama mbele ya darasa niwaambie kwamba jana aliyedanganya ni mimi. Kutoka hapo nampeleka Chelimo na kogo wake kwa wakili wa Onchiri."

Ng'ombe alilia tena, hakuna aliyemjali. Panga lilikuwa bado mkononi mwa Kipkurui, na Edinah hakujua mkono ule utafanya nini, hata angeapishwa mara mia hangeweza kusema. Aliogopa hata kupepesa macho. Alitamani kurudisha maneno, aseme ni hasira, njoo tule. Aliwaza chumba kile cha kijana kikiwa kitupu, na shati likiwa limeanikwa hakuna wa kulianua.

"Mimi ni ndugu yako," Kipkurui alisema.

"Wewe ni ndugu yangu."

"Na utanipeleka."

"Mtu yuko rumande kwa sababu yako, na mkewe ananisalimia kila siku."

Panga lilimtoka mkononi, likaanguka kwenye rundo la nyasi. Uso wake ulivurugika, akaanza kusema kwa haraka, maneno yakimpita mwenyewe. "Dada, nisikilize, haikuwa hata fikira yangu, jioni ile tulikuwa wawili, mwenzangu ndiye aliyenunua—"

Edinah alirukia mbele akamziba mdomo kwa kiganja, kwa nguvu, kama alivyokuwa akimziba zamani asiteme dawa. Machozi yalikuwa yanamtoka yeye, si kijana.

"Nyamaza. Una haki ya kunyamaza, unasikia? Na una haki ya wakili, nitakutafutia hata nikiuza ng'ombe. Haya uliyokwisha kuniambia, nikiulizwa nitayasema. Tafadhali, Kipkurui, usiniongezee."