Kishikizo Nilichokiweka Pembeni

Leo nimekatwa kidole na kifaa chenye maelekezo ya picha, na mimi nina shahada mbili ukutani.

Mjukuu wangu Rehema amenunua kile kibao chenye wembe cha kukatia viazi vyembamba. Alichagua kwa makini: miguu ya mpira isiyoteleza, na kishikizo cha kusukumia kiazi ili mkono usifike kwenye wembe.

Nikacheka. Kishikizo nikakiweka pembeni.

“Mwaka sabini na sita, kule Mandawa, Ruangwa, tulikatia mihogo ya makopa, ile ya kuanika ikauke, kwenye ubao aliotuchongea fundi. Nani alikuwa na hiki?”

“Babu, kiazi kimebaki kidogo.”

“Kazi hii nimeianza kabla mama yako hajazaliwa, na sija…”

Sentensi hiyo sikuimaliza.

Rehema alinifunga kitambaa, akasubiri damu ikatike, ndipo akauliza kwa adabu iliyozidi kipimo: “Na huko Mandawa hamkujikata?”

Hapo nikakumbuka vizuri, kwa bahati mbaya.

Mama yangu alikuwa anasukuma kipande cha mwisho cha muhogo kwa gunzi la mahindi. Mimi nilisukuma kwa kiganja, naye akanigombeza: “Wewe! Hivyo vidole nivianike pamoja na makopa?”

Kumbe kishikizo kilikuwepo. Karibu nusu karne nausifia ubao ule, gunzi nimelisahau.

Watu wa Ruangwa na Nachingwea, kwenu mlisukumia nini? Jibuni kwa kirefu, nyie wenye mikono miwili. Mimi leo ninaandika kwa wa kushoto.