Siku Niliyotabiri Kwamba Simu Haitafika Bunia

Mwanangu, nakumbuka siku moja nilipopanda juu ya benchi, hapa hapa Bunia, nikawatabiria watu mambo yatakayokuja. Nilikosea vibaya. Ninakueleza mimi mwenyewe, mwenye diploma ya umeme ukutani, kwa sababu mtu aliyefaulu haogopi kusimulia alipoanguka.

Wakati huo nilikuwa fundi wa foni. Ninyi hamkuiona. Ilikuwa redio ya kuongea na watu wa mbali, yenye mlingoti juu ya paa na betri ya gari chini ya meza. Aliyetaka kuongea na ndugu yake wa Mahagi alikuja kwetu, akaketi kwenye benchi akingoja zamu. Zamu ikifika, alipaza sauti mbele ya mikrofoni, na benchi zima likasikia. Mimi ndiye niliyebonyeza kitufe. Nilijiona waziri.

Siku hiyo Mama Afoyo, muuza samaki wa chumvi, alikuwa akimpasha habari mumewe aliyeko Mahagi.

"Binti yako iko na mimba! Nakuachia useme!"

"Ya nani?" redio ikanguruma.

"Mama, tuambie na siye!" mtu mmoja akadakia kutoka benchini. Watu wakacheka hadi machozi. Nami nilicheka, Mungu anisamehe.

Kicheko hakijaisha, akaingia Papa Zakaria, mwenye foni ile, ameshika simu ndogo aliyoletewa kutoka Kampala. Akaniambia amenipatia nafasi ya kwenda huko kujifunza kutengeneza simu kama zile, na masomo atanilipia, maana karibuni zitafika kwetu.

Ndipo nilipopanda benchi. "Papa, hiyo ni kiberiti! Haina mlingoti, itavuka namna gani milima hii yote? Haitafika Bunia. Na ikifika, nani atainunua? Watu wetu wanapenda kuongea kwa sauti!"

"Weye unakataa masomo?"

"Nakataa kiberiti."

Benchi likapiga makofi. Ulimi hauna mfupa, mwanangu, lakini waweza kumvunja mwenyewe miguu. Papa Zakaria akampa nafasi ile mpwa wake.

Mama Afoyo hakupiga makofi. Alikaza kitenge chake, akanisogelea. "Mutoto, weye unajua mlingoti. Lakini uliniona mimi nikitoka kwenye mikrofoni, nimeficha uso? Hapana, ulikuwa unacheka. Kama kiberiti kile kitaniacha niongee na bwana yangu bila benchi kusikia, nitakinunua hata nikose chumvi."

Nikamjibu, "Mama, samaki na mawimbi ya redio ni mambo mawili." Hapo ujinga wangu ukatimia.

Haikupita miaka mingi, mnara wa simu ukasimama. Benchi letu likabaki la kuku kulalia. Asubuhi moja nikamwona Mama Afoyo kando ya njia, simu sikioni, uso kaelekeza ukutani, ananong'ona na kutabasamu. Sijamwona mtu mwingine aliyefurahia kunong'ona namna ile. Milima nilikuwa nimeipima. Niliyesahau kumpima ni mwanadamu. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake.

Foni ikafungwa, nami nikabaki bila kazi wala masomo. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilikwenda Kampala kwa nguvu zangu. Asubuhi nilibeba matofali, jioni nilikaa darasani na vumbi lake nyweleni. Diploma nikaipata, tena nikiwa miongoni mwa wa kwanza. Sijivuni, nasema ilivyokuwa. (Haya, najivuna kidogo. Matofali yale yalikuwa mazito.)

Nikarudi na kazi ya umeme wa jua. Mafundi wenzangu wakatabiri: "Vijijini, njia ya Bogoro, watu watataka televisheni tu. Na mabamba yako ya kunasa jua yataibwa kabla mwezi haujaisha." Safari hii mimi sikutabiri neno. Nilikwenda kwenye chumba cha uzazi cha kijiji kimoja, nikamwuliza mkunga anachotaka. Akanitazama kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa.

"Swichi," akasema. "Uiweke karibu na kiwiko changu. Mikono inakuwaka mu damu, Papa."

Hakuna mwalimu aliyenifundisha hilo. Nikaiweka swichi usawa wa kiwiko chake, nikaijaribu mara kumi. Mtoto wa kwanza aliyezaliwa chini ya taa ile alikuja na kamba ya kitovu imemzunguka shingoni. Mkunga akagusa swichi kwa kiwiko, akaona, akaiondoa kamba. Mtoto akalia! Wanawake wakapiga vigelegele hadi wa shambani wakaacha majembe. Wanakijiji wenyewe wakapanga zamu za kulinda mabamba, na hadi leo halijapotea hata moja. Sasa vituo vya afya vinaniita kutoka pande zote, na wawili kati ya wale watabiri ni wafanyakazi wangu. Ni mafundi wazuri, siku hizi wanauliza kwanza.

Basi shika hili, mwanangu. Usiseme kitu hakitafika kabla hujamwuliza anayekihitaji. Soma, tafuta diploma, zipate hata mbili, lakini usizitumie kama pamba ya masikio. Na wakikutabiria kwamba hutafika popote, usibishane nao, endelea kutembea.

Mungu akubariki kwa masikio mapana na mikono isiyochoka. Akupe siha, akupe miaka, na akuweke hai uone wote waliokudharau wakikupigia vigelegele.