Kadi Yenye Picha ya Baba

Kuna asubuhi za Muleba ambazo ukungu hupanda kutoka ziwani, ukaingia kwenye migomba na kusimama humo kama watu wanaosubiri kuitwa. Asubuhi ya namna hiyo ndiyo niliyorudi nyumbani, nikiwa na begi la nguo na ndoo yenye brashi zangu za rangi. Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu. Nimepaka rangi nyumba za watu Geita, Kahama, Kigoma, na mahali pengine ambapo sikumbuki jina la mtaa ila nakumbuka rangi ya ukuta. Sehemu zote hizo nilifika nikizipenda, na zote niliondoka bila kuaga vizuri. Nikishakaa miezi kadhaa, kifua huanza kubana, na miguu inataka njia.

Nilidhani nyumbani itakuwa tofauti. Haikuwa. Mama alinituma dukani kununua chumvi, nikajikuta Kamachumu, viatu vimejaa udongo mwekundu, chumvi sina. Alicheka siku ile. Mara ya pili hakucheka. Mara ya tatu sikumwambia nilikofika, kwa sababu nilifika kwenye mawe yaliyo juu ya ziwa, mahali ambapo maji yako mbali chini na yanang'aa, na sikujua nilikuwa nimesimama pale kwa muda gani. Mwanamke aliyekuwa anapita na beseni la dagaa ndiye aliyenizindua.

"Kaka, umedondosha kitu?"

Nikasema ndiyo. Akainama kunisaidia kutafuta. Tulitafuta wote wawili, yeye kwa bidii, mpaka nikaona haya nikamwambia tuache, nitakuja kesho.

Nikaamua kwenda kupimwa kifua. Kadi ya bima ya afya tulikuwa nayo. Mwandikishaji alikuwa amepita nyumba kwa nyumba wiki ile niliyorudi, binti wa kitongoji chetu, na simu yake ya kazi mkononi. Mama alimtolea kiti na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama anavyofanyiwa mgeni yeyote, na yule binti akatafuna huku akiuliza maswali yake.

"Mkuu wa kaya nani, mae?"

"Mwenye nyumba. Si unamjua?"

"Mzee? Mzee alishatangulia, mae. Nilikuja msibani."

"Ulikuja, nakumbuka, ulichota maji. Sasa niambie wewe uliyekuja. Kiti chake amekalia nani?"

Yule binti akanitazama. Mimi nikatazama migomba. Kwetu baba akifa, ukoo unakaa, unamkalisha mrithi kwenye kiti cha marehemu mbele ya watu, na hapo ndipo nyumba inapata mwenyewe mpya. Kabla ya hapo, nyumba ni ya yule aliyezikwa nyuma kwenye kibanja, shamba letu la migomba. Baba alikuwa na miaka miwili kaburini, na kiti kilikuwa hakijakaliwa, na mrithi aliyetakiwa kukikalia nilikuwa mimi.

Binti akafikiri kidogo, akaingia sebuleni, akaielekeza simu ukutani na kupiga picha ile picha ya baba yenye fremu, amevaa koti, amekunja uso kwa sababu ya jua. Kisha akatoka akapiga na zetu. Hakuna aliyeona ajabu. Hata mimi sikuona ajabu.

Zahanati wanatujua, hawakuuliza habari ya picha. Walinisikiliza kifua, wakanipeleka hospitali ya wilaya. Huko daktari akasema moyo wangu ni mzima kuliko wake, akaniuliza maswali mengine taratibu, kisha akaandika barua ya rufaa kwenda Bukoba, kliniki ya afya ya akili, nikaonane na mnasihi.

"Mnasihi anatoa dawa gani?" mama aliuliza nilipomwonyesha barua.

"Hatoi dawa. Mnaongea."

"Mnaongea?"

"Ndiyo, mae."

"Na bima inalipia hayo?" Akatikisa kichwa. "Miaka yote hii nimeongea na wewe bure."

Nilikwenda Bukoba siku ya Alhamisi. Mvua ilikuwa imeacha kunyesha dakika chache kabla ya kufika Rwamishenye, na mabati yote ya mji yalikuwa yanatoa mvuke, kana kwamba nyumba zilikuwa zimeanza kupumua. Nilipita mitaa niliyoizoea nikisoma sekondari. Kila kona ilikuwa na mimi mdogo amesimama, ameshika daftari, ana uhakika kwamba dunia inamsubiri huko mbele. Nilimwonea huruma kidogo, nikaendelea.

Kwenye dirisha la bima alikuwepo mwanamume wa makamo mwenye miwani. Akaingiza namba yangu, akatazama kompyuta, akanitazama.

"Mkuu wa kaya ni baba?"

"Ndiyo."

"Mfumo unataka athibitishe mkuu wa kaya. Mpigie simu."

"Amefariki."

"Pole sana. Lini?"

"Miaka miwili iliyopita."

Akasogeza miwani. "Kaka, mzee huyu ameandikishwa mwaka huu. Na picha kapigwa." Akaikuza ile picha, na nikaona ukingo wa fremu na msumari. Yeye pia akauona. Akaegemea kiti, na Kiswahili chake cha ofisini kikamtoka, akaendelea kwa Kihaya. "Waitu, hamjakalisha mrithi."

"Bado."

"Mkubwa ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ungekuwa mdogo wangu ningekuchapa." Akagonga muhuri kwenye barua yangu. "Leo utaingia, kwa sababu umetoka mbali na rufaa ni halali. Lakini nyumba inatakiwa iwe na mkuu aliye hai. Usiporekebisha, Alhamisi ijayo utaniona mimi tu, mnasihi hutamwona."

Chumba cha mnasihi kilikuwa upande wa nyuma, kidogo, kina viti viwili vinavyolingana. Dirisha lilitazama mparachichi uliokuwa bado unadondosha maji. Alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa miaka kama kumi. Nilisubiri aniulize naenda wapi ninapotembea, maana kila mtu huniuliza hivyo. Yeye akauliza, "Ukianza kutembea, unakuwa unatoka wapi?"

Nikatazama dirishani. Matone yalikuwa yanadondoka moja moja. Baadaye nikasikia sauti yangu inamsimulia kwamba siku baba alipokufa nilikuwa Kigoma, juu ya ngazi, napaka dari, simu imeisha chaji na sikujali. Kwamba nilifika siku ya tano na udongo wa kaburi umeshaanza kukauka, ule udongo ambao mtoto mkubwa ndiye hutangulia kuutupa. Na kwamba siku ya kikao cha ukoo, kiti cha baba kilitolewa nje, wazee wamekaa, nikaaga kama naenda chooni, nikapita katikati ya migomba mpaka barabarani na kupanda lori la ndizi. Sikuwa nimewahi kuyapanga maneno hayo kwa mpangilio. Niliyasikia kana kwamba mtu wa chumba cha pili ndiye anayeyasema.

Nilipotoka, mji ulikuwa umekauka. Nilitembea mpaka ziwani, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilikuwa najua kwamba ninatembea.

Nilimkuta mama anageuza kahawa kwenye mkeka. Nikamweleza habari ya dirishani.

"Kwa hiyo wanataka ukalie kiti," akasema.

"Wanataka mtu aliye hai."

"Uko tayari niwaite wazee?"

"Sijui, mae."

"Sijui haitoshi kuwatoa wazee makwao."

"Najua."

Akaendelea kugeuza. Kahawa ilikuwa inatoa ile sauti yake kavu, kama mvua ya mbali. "Na usipokwenda tena huko kuongea, itakuwaje?"

Nikamwambia juu ya yale mawe, jinsi nilivyosimama na jinsi maji yalivyong'aa. Mkono wake ukasimama katikati ya kahawa. Hakuniuliza kwa nini. Aliuliza tu ni mawe yapi, nikamwambia, akasema anayajua, wakati wa usichana wake walikuwa wanakata nyasi karibu na hapo.

Kesho yake nilipoamka hakuwepo. Alirudi mchana na bodaboda, amevaa kitenge cha kwaya, ananuka vumbi na jasho. Akakaa kwenye ngazi akavua viatu.

"Nimeandikwa mimi," akasema.

"Mkuu wa kaya?"

"Mimi. Yule binti amemfuta baba yako, nimebonyeza kidole mwenyewe. Mtendaji wa kijiji akacheka, ananiambia, mama, siku hizi mmechukua mpaka nyumba. Nikamwambia cheka upesi, nina mgonjwa wa kwenda Bukoba Alhamisi."

"Na kiti, mae?"

"Kiti ni mambo ya ukoo. Hii kadi ni mambo ya hospitali. Kitakusubiri. Kama hakitaweza kusubiri, wazee watajua wenyewe." Akasugua kisigino. "Ila majirani watasema. Wameshaanza."

Hakula kwanza. Alinyanyuka akaenda kule nyuma, kwenye migomba alipolala baba, akasimama akiwa peku. Nilimwona kupitia majani. Alikuwa anazungumza taratibu, mikono imeshika kiuno, kama mtu anayemweleza mwenzake kwa nini chakula kimechelewa. Mwanga ulikuwa wa kijani, wa chini ya maji. Nilitaka kwenda kusimama naye, sikwenda. Lakini wala sikuondoka. Nilikaa kwenye ngazi mpaka akarudi, akaniuliza kama ndizi zimeiva jikoni.

Alhamisi yule wa miwani akaingiza namba, na uso wa mama ukatokea kwenye kompyuta.

"Amefumba macho."

"Hajazoea kupigwa picha."

"Mama zetu wote hivyohivyo." Akabonyeza. "Mfumo umekubali. Pita."

Sasa ni mwezi wa nne tangu nianze kwenda kwa mnasihi. Sijapona, kama kuna siku mtu huamka akatangaziwa kuwa amepona. Kifua bado kinabana, na kuna magari yakipita barabara ya Mwanza huwa nayatazama mpaka yapotee. Wazee wa ukoo wamemtumia mama ujumbe mara mbili, naye amewajibu mara zote mbili kwamba nina miadi.

Nilitafuta kazi huko huko Bukoba, karibu na kliniki, nikapata nyumba ya kupaka rangi Buhembe, vyumba sita na uzio. Mwenye nyumba alikuwa ameshasikia sifa zangu, kwamba ni fundi mzuri lakini huwa naacha ukuta katikati. Akataka kujua waziwazi kama nitamkimbia.

Nikamwambia Alhamisi asubuhi sitakuwepo. Siku nyingine zote nitakuwepo.