Fundi Aliyechagua pa Kuangukia

Mafundi wenzake walimwita Sinema, na kusema kweli jina lilimkaa. Alikuwa fundi cherehani hodari, mkono mwepesi, mdomo mwepesi zaidi. Mteja akiingia, yeye ndiye wa kwanza kumkumbatia na kumwita kipenzi, hata kama wamejuana dakika mbili. Lakini mteja akimsifia fundi mwingine, basi tena! Mkono kifuani, macho juu, na puu, amezimia. Ajabu ni kwamba kila mara aliangukia furushi la vitambaa. Hata siku moja hakuwahi kuangukia meza ya pasi.

Shoga yake, aliyechangia naye chumba cha kazi miaka tisa, alivumilia hadi akachoka. "Mwenzangu, nakupenda, lakini ukizimia tena mbele ya mteja wangu, nabeba cherehani yangu nahama."

Sinema alilia siku mbili, safari hii bila watazamaji. Kisha akaenda hospitali kwa mshauri.

Mshauri hakumwita mwongo. Alimuuliza habari za utotoni, naye akasimulia: watoto wanane, yeye wa sita, mama anafua nguo za watu kutwa kucha. Ukifaulu mtihani, ukitulia, ukifagia uwanja, hakuna aliyekuona. Ila ukipata homa, mama aliacha nguo kwenye povu akaja kukaa nawe kitandani.

"Basi homa zangu zikawa nyingi," alisema, akacheka mwenyewe.

Mshauri aliipa hali hiyo jina refu la kidaktari, kisha akaifafanua. Chanzo si kimoja. Wengine huzaliwa na hisia za karibu, kitu kidogo tu huwagusa. Mtoto wa namna hiyo akishajifunza kwamba haonekani mpaka aanguke, hukua akiendelea kuanguka. Si ujanja, ni njaa ya kuonekana. Akampa zoezi: aombe kwa mdomo kile anachokiomba kwa mwili.

Jumatatu, mteja akajigeuza mbele ya kioo. "Hii kola! Dada, umeniweza!" Dada mwenyewe alikuwa yule shoga yake, si Sinema.

Kifua kikambana Sinema kwelikweli. Shoga akamtupia jicho, mkono tayari juu ya cherehani.

"Shoga, samahani. Naomba uniangalie kidogo."

Alibaki amesimama. Shoga akavuta kigoda, akakaa mbele yake. "Haya, nakuangalia. Sema."

Sinema akamtazama usoni. Chozi likamtoka.

"Hakuna kitu," alisema mwishowe. "Nilitaka hivi tu."