Mbegu za Chini ya Muhumula

Juzi nilikuwa naosha vyombo nyuma ya nyumba yangu hapa Bakoba, nikausikia mlio ule. Si mlio wa mdomo, ni wa mabawa. Hondohondo akipita juu ya paa husikika kabla hajaonekana, fuu, fuu, fuu, kama mtu anayekung'uta blanketi zito kwa mikono miwili. Nikaacha sufuria na povu lake nikatazama juu. Alipita na mwenziwe nyuma yake, weusi kwa weupe, na lile pembe kubwa juu ya mdomo, wakielekea upande wa Buhembe. Majirani zangu hawakuinua hata kichwa. Mimi nilijikuta nasema kwa sauti, "Leo kaleta nini?" Kisha nikacheka peke yangu, maana aliyekuwa akiniuliza swali hilo hakuwepo pale. Yuko kwake Buhembe, ni bibi wa watu sasa, na kazi yake kubwa ni kulalamikia magoti.

Nilizaliwa kwenye kibanja cha Buhembe, nyumba katikati, migomba na mibuni imeizunguka pande zote hadi mgeni anabisha hodi kabla hajauona mlango. Nyuma ya nyumba, karibu na dirisha la chumba cha wazazi, ulisimama muhumula mmoja mrefu ambao shina lake watoto watatu hatukuweza kulikumbatia. Baba alisema babu yake ndiye aliyeupanda. Alisema hivyo juu ya kila mti ulionyooka. Iliyopinda, kwa maelezo yake, ilijiotea yenyewe.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka tisa, na Mama alikuwa amelala. Hakuwa mtu wa kulala. Alifundisha darasa la pili, na akirudi shuleni alishika jembe kabla ya kuvua viatu vizuri. Lakini alikuwa mjamzito, na mara mbili kabla ya hapo alikwenda hospitali mjini akarudi mikono mitupu. Sisi watoto tuliambiwa mtoto amebaki kwa Mungu, tukasali, basi. Safari hii daktari alimwamuru alale kitandani mpaka siku zitimie, asiinue hata ndoo. Baba, ambaye sikuwahi kumwona akigusa mwiko, akaanza kupika. Alimenya ndizi kama anayechonga mpini, nusu ya ndizi ikienda na maganda, na ng'ombe wetu akanenepa ghafla. Wanaume wenzake walipomwona akipita na bakuli la uji walimtania kwamba sasa yeye ndiye kaolewa. Alijibu kwamba mahari bado hajaiona.

Wakati huohuo ndipo hondohondo walipoingia kwenye tundu la muhumula. Nilimwona dume akitua kwenye tope la karibu na zizi, akilimeza, kisha akiruka juu na kulitapika kwenye mdomo wa tundu. Jike alikuwa ndani. Kila siku tundu likazidi kuwa dogo, hadi pakabaki ufa mwembamba ambao hata kiganja changu kisingepita. Nilikimbia kwa Mama nikihema.

"Mama, amemfungia! Yule mume amemfungia mkewe ndani kwa tope!"

Mama alicheka akashika tumbo. "Usinichekeshe, mwana wange, nimekatazwa kucheka. Kwa nini amfungie?"

"Ni mkorofi."

"Na huyo aliyefungiwa atakula nini?"

Hilo sikuwa nimelifikiria.

"Basi nenda ukatazame," alisema. "Halafu uje uniambie."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Kila nilipotoka shule niliketi kwenye mzizi wa muhumula nikiangalia juu mpaka shingo ikauma. Dume angekuja na ule upepo wa mabawa yake, ashike gome karibu na ufa, kisha atikise koo na kutoa tunda. Analipitisha kwenye ufa, ncha ya mdomo wa jike inatokea na kulipokea. Anatikisa tena, anatoa lingine. Lilikuwa jambo la ajabu sana kwangu kwamba koo moja liweze kubeba matunda yote yale bila kuyameza. Mimi nikitumwa karanga dukani, nusu hazikufika nyumbani.

Nikiingia, Mama alikuwa ameshausikia mlio. "Leo kaleta nini?"

Mwanzoni nilijibu, "Matunda." Hakuridhika. Mwalimu wa darasa la pili haridhiki na jibu la neno moja. Aliniambia nichungulie chini ya mti, kwa sababu mwenye kula huacha makombo. Kweli, pale chini palikuwa na mbegu zimetapakaa, safi, kama zimesuuzwa. Nikaziokota kwenye mfuniko wa sufuria nikampelekea. Alizigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, na hapo nikaona kitu ambacho hadi leo kinanisisimua. Mama yangu, ambaye hakuweza kuvuka kizingiti, alianza kuniambia ndege yule alikokwenda.

"Hizi ngumu ndefu ni za muhumula wenyewe. Hii yenye mfereji ubavuni ni ya mkindu. Mkindu hapa kwetu hakuna. Ameshuka mpaka kule bondeni kwenye majimaji. Na hizi," akacheka kimyakimya, "hizi ni za mapera. Mapera yaliyoiva sasa hivi ni ya shemasi tu. Usimwambie."

Tukaendelea hivyo. Siku nyingine zilikuwa punje ndogo mno ndani ya kinyesi, akasema ni tunda la mtoma, ule mti wa gome la nguo, na mtoma uliozaa wakati ule ulikuwa kilima cha pili. Nikajua nchi yetu kwa njia hiyo, mti kwa mti, nikiwa sijatoka nyumbani wala yeye hajatoka kitandani. Nikaanza pia kuona mengine. Panya walikuja jioni kuiba mbegu. Siafu walibeba vipande vya maganda. Mgomba uliokuwa chini ya tundu, palipodondoka kinyesi cha jike kila siku, ulibeba mkungu mkubwa kuliko migomba mingine yote. Baba aliwaonyesha wageni mkungu ule akisifu samadi ya ng'ombe wake. Mama, akisikia dirishani, alikohoa.

Siku moja dume alileta kifaranga cha kwera, kichwa kinaning'inia. Nililia. Makwera walijenga kwenye migomba yetu, waliyachana majani yakawa nyuzi, Baba aliwachukia, lakini mimi niliwapenda kwa kelele zao. Nilimwendea Mama nimefura nikamwambia yule ndege ni muuaji pia. Hakunibembeleza. Uso wake ulifunguka kwa furaha ambayo sikuielewa.

"Koku, basi yai limeanguliwa! Mtoto hakui kwa mapera peke yake."

Kuanzia siku hiyo akawa anasema, "Yule mwenzangu ameshajaliwa. Na mimi nitajaliwa." Alisema waziwazi, na mimi nikaamini waziwazi, kwamba yule wa kwenye mti akitoka salama na mwanawe, na Mama atatoka salama na wake.

Ndipo akaja Baba Mdogo. Alikuwa mvuvi wa dagaa huko kisiwani Goziba, na upepo ulikuwa umeuvunja mtumbwi wake kwenye mawe. Tangu hapo alivua kwenye mtumbwi wa mtu mwingine, akigawiwa kilichobaki. Mbao za mvule za mtumbwi mpya hakuzimudu, lakini Baba alikuwa amemwahidi ule muhumula tangu mwanzo wa mwaka. Alikuja alasiri moja na mpasua mbao, msumeno begani. Mpasua mbao alizunguka shina akiligongagonga, akapima kwa macho, akasema mti ni mzuri, kesho asubuhi wataanza. Nilisimama kati yake na mti. Aliniambia nisogee, kisha akaniacha, kama mtu anavyomwacha kuku.

"Ahadi ni deni," Baba alisema. "Mti ni wako." Lakini alisema akiangalia chini, na mikono yake ilikuwa na utomvu wa ndizi.

Siku hiyo Mama alikuwa amenituma mbegu mara nyingi kuliko kawaida. Nilikuwa nimetoka tu kuzipeleka, akanirudisha tena. "Tazama upande ule mwingine wa shina, waitu, mwanangu, huenda kuna mpya." Kwa hiyo nilikuwa chini ya dirisha Baba Mdogo alipoingia kumjulia hali, na nilisikia kila neno.

"Shemeji," Mama alisema, "mti ni wako, sikatai. Nakuomba kitu kimoja. Umngoje huyo aliyemo ndani. Akitoka na mwanawe, ukate hata siku hiyohiyo."

"Shemeji, nikingoja, msimu utaisha. Nitarudi kuwa kibarua wa watu."

"Najua. Ndiyo maana naomba, siagizi."

Baba Mdogo alitoka nje akaketi kwenye mzizi, palepale nilipozoea kukaa. Dume akaja na mabawa yake. Alikuwa amechakaa wakati huo, manyoya ya mkia yamekatikakatika, kifua kimepakaa utomvu. Akatikisa koo, akatoa tunda, akapitisha. Akatikisa, akatoa lingine. Alitoa mpaka matunda yakaisha, na ncha ya mdomo wa mkewe ikabaki imeachama kwenye ufa ikidai zaidi. Akaruka tena kwenda kutafuta. Baba Mdogo akacheka kwa pua.

"Kumbe tuko wengi," alisema. Akamgeukia mpasua mbao. "Mzee, rudi nyumbani. Tutaitana."

Kesho yake akapanda boti kurudi Goziba kwenye mtumbwi wa mtu.

Mama alichukuliwa alfajiri moja kwa pikapu ya jirani, Baba akiwa amekaa nyuma ameshika godoro kwa mikono yote miwili. Sikula siku ile. Niliketi chini ya muhumula nikiwaza kwamba nikiacha kutazama juu hata kidogo kitu kitaharibika. Jioni Baba alirudi kwa miguu. Aliniinua juu kama alivyofanya nilipokuwa mdogo, na mimi nikajua. Alikuwa msichana. Wakamwita Mugisha, ndiyo baraka.

Mama na mtoto walikuwa wamesharudi nyumbani ule ukuta wa tope ulipovunjika. Niliwakuta asubuhi kwenye tawi, jike na kinda lake, wote wawili wamekaa wakishangaa mwanga, mabawa ya jike yamekunjamana kama nguo iliyokaa sandukuni. Vipande vya tope vilikuwa vimeanguka chini. Nilimpelekea Mama kimoja, kigumu kama kigae. Aliutazama upande mmoja, akautazama wa pili, akakiweka juu ya kabati. Ninacho mpaka leo.

Kisha Baba Mdogo akaja, na mti ukakatwa. Nililia tena, lakini hakuna aliyekuwa na kosa. Mtumbwi ulipokamilika aliuandika ubavuni TUKO WENGI, na watu wa Goziba walidhani ni siasa. Mwaka uliofuata hondohondo wawili walirudi. Walizunguka juu ya kibanja chetu, wakazunguka mahali ambapo mti haupo, wakatua kwenye paa la jikoni, wakakaa sana. Nilimchukia kila mtu siku ile. Lakini kuzunguka kisiki palishaanza kuota miche, mihumula mingi, na mkindu mmoja mahali ambapo mkindu hauna shughuli, na mpera. Baba alipopalilia aliipita kando. Sasa ni miti mikubwa, na anawaambia wajukuu kwamba aliipanda yeye. Nami nimeanza kuwa na mashaka na babu yake.

Baada ya kuwaona wale ndege juzi nilishindwa kungoja Jumapili. Nilikwenda Buhembe na kile kipande cha tope mfukoni. Miaka hii nimejifunza kwamba dume yule hakumfungia mtu. Yeye alileta tope tu. Aliyelishindilia ni jike, kutokea ndani, kwa ubavu wa mdomo wake mwenyewe, ili kitu chochote kibaya kisimfikie kinda. Nilimwonyesha Mama alama za mdomo. Ziko upande wa ndani.

"Niliziona siku ile," alisema.

Tulikuwa tunamenya ndizi. Sijui kwa nini nilimuuliza, baada ya miaka yote hii, kwa nini ile siku ya msumeno alinituma mbegu mara nyingi hivyo, wakati alikuwa na mfuniko mzima wa mbegu kitandani.

Hakuinua macho. "Damu ilikuwa inatoka, Koku. Kila ilipoanza nilikutuma. Siku ile ilitoka sana."

"Siku zote zile?"

"Siku zote zile. Ulikuwa na miaka tisa, na macho yako yale ya kuuliza. Ningekuweka wapi?"

Nilibaki na kisu mkononi. Nilidhani mimi ndiye niliyekuwa nikimletea dunia yeye aliyefungiwa. Kumbe aliyekuwa amezungushiwa ukuta ni mimi, na yeye alikuwa akinipitishia mbegu moja moja kwenye ufa. Nililia palepale juu ya ndizi, mwanamke mzima, na Mama akaniacha nilie. Kisha juu ya paa tukasikia mabawa. Tulisikiliza wote wawili, mpaka yakatua kwenye mihumula nyuma ya nyumba.

"Magoti haya," alisema Mama. "Nenda wewe ukatazame."

Nikaenda.